MBWA WA UANI NA UKUTA WA JIRANI



Mara nyingi ukurasa huu huzungumza juu ya sala, ndoa, malezi ya watoto na mambo mengine yanayotuhusu kama watu wa mtaa mmoja. Safari hii tumeonelea tuzungumze juu ya kupe. Huenda wako watakaocheka. Twawaomba wasicheke upesi, maana kupe walituletea aibu sisi wenyewe, na katika aibu ile tulijifunza juu ya jirani neno ambalo tulikuwa tumelisikia mara nyingi kanisani bila kulielewa.

Swali tunaloliweka mbele yenu ni hili. Je, mtu ana deni kwa mnyama anayemfuga? Na kama analo, ni deni kwa mnyama mwenyewe, au ni kwa watu tu wanaomzunguka? Kwanza tueleze ilivyokuwa, ndipo tulijibu.

Ilivyokuwa

Tulikuwa tukikaa jamaa kadhaa katika nyumba moja ya zamani hapa Mji Mkongwe, nyumba ya mawe na chokaa, yenye uani mdogo nyuma na ukuta mmoja ambao upande huu ni wetu na upande wa pili ni wa jirani. Wezi walikuwa wakitusumbua. Walikwisha kuchukua baiskeli moja, na nguo za watoto kwenye kamba. Tukashauriana, tukaleta mbwa kutoka shamba. Alikuwa mbwa wa kienyeji, rangi ya mchanga, mpole mchana na mkali usiku. Tukamfunga uani karibu na mlango wa nyuma, na tangu siku ile hatukuibiwa hata kijiko.

Chakula chake kilikuwa ukoko wa wali na mifupa ya samaki. Maji alipewa na yule aliyekumbuka. Hapakuwa na mtu aliyempiga wala aliyemtesa. Twalitaja jambo hili kwa sababu ndivyo tulivyojitetea baadaye, kwamba hatukumfanyia ubaya wowote. Ni kweli. Hatukumfanyia ubaya wala wema.

Kupe walipoanza kumjaa masikioni na katikati ya vidole, tuliwaona. Mmoja wetu akasema, "Mbwa wote wana kupe." Maneno hayo yakatutosha kwa muda wa miezi. Kisha mbwa akaanza kukataa chakula. Akawa analala mchana kutwa, na usiku habweki tena, bali analia kwa sauti nyembamba. Tukasema ni baridi ya masika.

Jirani yetu wa upande ule wa ukuta alikuwa bibi mmoja mzee, Mwislamu mcha Mungu, aliyekaa na mjukuu wake na paka wake. Asubuhi moja alipiga hodi. Tukamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, lakini akakataa kuketi. Mkononi alikuwa na karatasi ameikunja. Akaifungua juu ya baraza, na ndani yake mlikuwa na kupe saba au wanane, wengine wadogo kama ufuta, mmoja amevimba kama punje ya mbarika.

"Wanangu," akasema, "sikuja kugombana. Hawa nimewatoa kwa paka wangu na kwenye mto wa mtoto. Wanapita katika nyufa za ukuta."

Tukaanza kumwomba radhi, tukasema kwamba mbwa tutamwondoa siku ile ile. Akatukatiza maneno.

"Mimi mbwa wenu simgusi, mwaijua dini yangu. Lakini yule naye ni kiumbe cha Mwenyezi Mungu. Usiku namsikia analia. Nyinyi mlio naye hamumsikii?"

Hatukuwa na la kujibu. Tulimwita bwana mifugo. Akamfunua mbwa mdomo, akatuonyesha fizi zake, nazo zilikuwa nyeupe kama karatasi. Akatuuliza mkojo wake una rangi gani. Hatukujua, maana hakuna hata mmoja aliyetazama. Alipotazama yeye, ulikuwa na rangi ya kahawa. Alimdunga sindano, akatwambia kwamba lau angaliitwa majuma mawili nyuma, angalikuwa na matumaini zaidi. Mbwa akafa siku ya pili yake, kabla ya alfajiri, kamba ingali shingoni.

Kupe na kazi yake

Tulipomzika tulitaka kujua ni nini kilichomwua mbele ya macho yetu. Haya tuliyojifunza yafaa kila mwenye mbwa au paka ayajue.

Kupe wa mbwa, yule wa rangi ya kahawia aliyeenea karibu nchi zote za joto, hupanda juu ya mnyama mara tatu katika maisha yake. Hutoka katika yai akiwa na miguu sita, akampanda mbwa, akanywa damu, akaanguka. Hujificha penye ufa, akajibadili ngozi, akawa na miguu minane. Humrudia mbwa, akanywa, akaanguka tena. Mara ya tatu huja akiwa mkubwa kamili. Jike akishiba humwacha mbwa, akapanda ukutani, akatafuta tundu, na humo hutaga mayai kwa maelfu. Kupe huyu aweza kungoja miezi mingi bila kula. Basi wakati sisi tulipokuwa tukiona kupe kumi juu ya mbwa, wengine wengi walikuwa wamo ndani ya ukuta. Na kuta za Mji Mkongwe, za mawe ya matumbawe na chokaa iliyochakaa, zina nyufa za kutosha kuwapangisha wote.

Damu anayoinywa kupe si hasara iliyo kubwa kuliko zote. Hatari zaidi ni kile anachokiacha. Mwaka 1888 mtaalamu wa Rumania, Victor Babes, aliona vidudu katika damu ya ng'ombe wagonjwa, na kwa jina lake vidudu vya jamii ile huitwa Babesia. Mwaka 1893 Theobald Smith na F. L. Kilborne wa Marekani walidhihirisha kwamba kupe ndiye mchukuzi wa ugonjwa wa namna hiyo kutoka ng'ombe mmoja hadi mwingine. Mwaka 1901 Charles Lounsbury, huko Afrika Kusini, akaonyesha kwamba kwa mbwa ni vivyo hivyo. Babesia huingia katika chembe nyekundu za damu na kuzipasua, kama kijidudu cha malaria kifanyavyo kwa mwanadamu. Ndiyo sababu fizi huwa nyeupe, na mkojo huwa mwekundu au wa rangi ya kahawa, maana ni damu iliyovunjika inayotoka. Sisi tulioijua malaria tangu utotoni hatukupaswa kuhitaji mwalimu wa kutueleza mgonjwa wa namna hiyo anavyojisikia.

Babesia si peke yake. Kupe huyo huyo huleta erlikia, ambayo ni bakteria wa chembe nyeupe za damu, iliyotambuliwa kwa mara ya kwanza huko Algeria mwaka 1935. Mbwa hukonda pole pole, na mwisho aweza kutokwa na damu puani. Yuko na mdudu mwingine anayemwingia mbwa si kwa kuumwa na kupe, bali kwa kummeza anapojitafuna kwa mwasho. Paka hupata kupe wachache zaidi kwa kuwa hujilamba siku nzima, lakini naye hakuepushwa. Afrika Kusini iko Babesia ya paka, na huko Marekani, katika jimbo la Missouri, mwaka 1976 ilielezwa homa ya kupe ambayo mara nyingi humwua paka kwa siku chache tu.

Wala mtu hakuachwa nje. Kupe wa mbwa hupenda damu ya mbwa, lakini akikosa humwuma hata mtu, naye aweza kumwachia homa. Wazee wetu wa bara waijua homa ya papasi, yule ndugu yake kupe akaaye katika sakafu za udongo na nyufa za nyumba. Mwaka 1905 Robert Koch, akifanya kazi katika nchi ambayo leo ni Tanzania Bara, alieleza jinsi papasi anavyoipitisha homa ile. Mwaka huo huo Joseph Dutton na John Todd walikuwa wakiichunguza Kongo, na Dutton akafa huko huko kwa homa hiyo hiyo aliyokuwa akiitafuta.

Basi ukuta wetu haukututenga na jirani kama tulivyodhani. Uzembe uliofanyika upande huu ulilala upande wa pili, juu ya mto wa mtoto.

Deni hili ni la nani?

Sasa turudi kwenye swali. Wako watu wema wasemao kwamba kwa mnyama hatuna deni lolote. Husema mnyama hana akili wala hawezi kudai, kwa hiyo kumtesa ni vibaya kwa sababu mbili tu, kwanza kwamba huweza kumdhuru mwenye mali au jirani, na pili kwamba mtu aliyezoea ukatili kwa mnyama huishia kuwa mkatili kwa watu. Mtakatifu Thomasi wa Akwino alifundisha karibu na hivyo, naye si mtu wa kubezwa.

Ukiifuata njia hiyo, kosa letu sisi lilikuwa moja tu, kwamba kupe wetu walimfikia yule bibi. Na dawa yake ilikuwa ile ile tuliyoitaja barazani: "Mbwa tutamwondoa." Kama deni lilikuwa kwake yeye peke yake, basi lingekwisha pale pale. Lakini yeye aliyedhulumiwa ndiye aliyekataa. Alikuja na shauri lake mwenyewe mkononi, ndani ya karatasi, naye alikuwa na haki ya kusema la kwake akaondoka. Badala yake akalisema na la mbwa, ambaye kwa sheria yake hawezi hata kumgusa. Tangu siku ile twaona ni vigumu kuamini kwamba kilio kile cha usiku hakikuwa na uzito wowote mbele za Mungu, ila kwa kuwa kilimkosesha mtu usingizi.

Maandiko nayo hayatuachi tuamini hivyo. Katika Kitabu cha Kutoka, mwenye ng'ombe mkali ambaye alikwisha kuonywa na asimzuie, atadaiwa kwa madhara ya ng'ombe wake. Hilo ndilo deni kwa jirani. Lakini kitabu hicho hicho chamwagiza mtu akimwona punda wa adui yake ameanguka chini ya mzigo, amsaidie. Wala hakingoji kwanza adui awe rafiki. Amri ya siku ya mapumziko yamtaja ng'ombe na punda pamoja na watoto na watumishi. Mithali, sura ya 12, yaweka alama ya mtu mwenye haki katika jinsi anavyouangalia uhai wa mnyama wake. Na Kitabu cha Yona chamalizika kwa swali la Mungu juu ya mji wa Ninawi, ambamo baada ya kuwahesabu watu awahesabu na wanyama wengi. Wale wanaosoma Kitabu cha Tobiti watakumbuka pia kwamba kijana Tobia aliposafiri, mbwa wake alimfuata njiani, wala mwandishi hakuona aibu kumtaja.

Katika Kanisa letu wenyewe la Anglikana walikuwako watu waliolisema jambo hili waziwazi. Mwaka 1776 padre mmoja wa Uingereza, Humphrey Primatt, alitoa kitabu kizima kufundisha kwamba maumivu ni maumivu, yawe ya mtu au ya mnyama, na kwamba yule asiyeweza kusema ndiye anayestahili kuhurumiwa zaidi. Mwaka 1824 padre mwingine, Arthur Broome, alikusanya watu huko London wakaanzisha chama cha kuzuia ukatili kwa wanyama. Broome aliacha kazi yake ya mtaa kwa ajili ya chama hicho, hata akafungwa gerezani kwa sababu ya madeni yake. Na miongoni mwa waliohudhuria kuanzishwa kwa chama kile alikuwamo William Wilberforce, yeye aliyepigana maisha yake yote na biashara ya watumwa. Sisi tunaosali Mkunazini, mahali lilipokuwa soko la watumwa hata mwaka 1873, hatuwezi kulipita jina hilo bila kusimama. Mtu si mnyama, na dhambi iliyotendeka mahali pale haina mfano. Twasema tu kwamba Wilberforce hakuona huruma kama maji ya mtungi, kwamba ukimpa huyu kikombe umempunguzia yule.

Nani kupe?

Wazee mtakumbuka jinsi neno "kupe" lilivyotumika baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967. Kupe alikuwa mnyonyaji, mtu anayeishi kwa jasho la mwenzake bila kutoa kitu. Tulilisikia redioni na katika mikutano, na kila mmoja wetu alijua bila shaka kwamba kupe ni mtu mwingine.

Tumewaza baadaye juu ya mbwa yule. Usiku alikesha ili sisi tulale. Alitoa kazi yake yote, na uhuru wake, na mwisho damu yake. Nasi tulitoa ukoko. Kama mtu asiyetujua angesimama uani akatazama nani anampa nani na nani anachukua kwa nani, sidhani kwamba angewataja wale wadudu wa masikioni kwanza.

Neno la gharama

Twajua mnalosema mioyoni. Mnasema: haya ni maneno ya watu walioshiba. Mama mmoja Ng'ambo hana fedha za dawa ya mtoto wake, na ninyi mwatuambia tununue dawa ya mbwa! Shauri hili ni zito, nasi hatutalipita juu juu.

Ikiwa mtu ana shilingi moja, na mtoto mgonjwa, na mbwa mgonjwa, shilingi ni ya mtoto. Hatuoni Mkristo atakayebisha. Lakini tujichunguze kwa kweli. Katika nyumba yetu shilingi haikukosekana kwa ajili ya mtoto wa mtu yeyote. Ilikwenda kwenye mambo mengine ambayo hatuhitaji kuyahesabu hapa. Mara nyingi maskini hutajwa wakati wa kumnyima mnyama, na akishanyimwa mnyama, maskini husahauliwa naye. Tena katika shauri letu sisi, mtoto na mbwa hawakuwa wakishindania shilingi moja. Dawa ya mbwa ingalikuwa kinga ya mtoto. Yule mjukuu wa bibi alilala na kupe kwa sababu mbwa hakutibiwa.

Tena deni si sawa kwa watu wote. Asiyefuga mbwa hadaiwi kumtafutia dawa mbwa asiye wake, ingawa akimpa maji amefanya vyema, na jirani zetu Waislamu nao wana kisa chao cha mtu aliyesamehewa kwa kumnywesha mbwa mwenye kiu. Lakini aliyemfunga kamba amemnyang'anya uwezo wa kujitafutia. Hawezi kwenda kwenye maji, hawezi kwenda kivulini, hawezi kuondoka penye ukuta wenye kupe. Kadiri tulivyomfupishia kamba ndivyo tulivyourefusha wajibu wetu. Asiyeweza kuubeba wajibu huo asifunge kamba. Si dhambi kukosa mbwa.

Wako watakaouliza: je, aliye naye na hawezi, amfanye nini? Kumtia mbwa guniani na kumwacha shamba, kama watu wengine wa mjini wafanyavyo, ni kulihamisha deni wala si kulilipa. Kupe huenda naye, na mwanakijiji wa Jambiani au Makunduchi hakutuomba tumpelekee. Atafutwe mtu atakayempokea kwa hiari. Na kama ugonjwa umekwisha kupita matibabu, bwana mifugo akashauri alazwe kwa sindano asiteseke, twaona hilo laweza kuwa tendo la huruma. Lisiwe tu jina zuri la uvivu wetu.

Neno juu ya jirani

Hapa Unguja sisi Wakristo tu wachache sana katikati ya ndugu Waislamu. Kwa madhehebu ya Shafi, yanayofuatwa na wengi wao, mate ya mbwa ni najisi, na kilichoguswa nayo huoshwa mara saba, mara moja kwa udongo. Paka hana sharti hilo, ndiyo maana humwona kila baraza. Mbwa wa ulinzi huruhusiwa, lakini mbwa anayezurura na kugusa nguo za mtu aendaye kusali ni udhia wa kweli. Methali yasema, mchezea mbwa humfuata msikitini. Basi mbwa wetu asiachwe apite mbele ya watu wakati wa sala, wala chombo chake kisioshwe kwenye bomba la wote. Kuiheshimu dhamiri ya jirani hakupunguzi imani yetu hata kidogo. Na yule bibi alituonyesha kwamba mtu aweza kujitenga na mnyama kwa ajili ya usafi wa ibada na bado asimtoe katika huruma yake. Sisi tulimgusa kila siku bila kumhurumia.

La kufanya

Tusiishie kwenye maneno. Haya machache yanawezekana kwa watu wengi.

Kwanza, mtazame mnyama wako kila siku. Tazama ndani ya masikio, katikati ya vidole, shingoni chini ya kamba. Babesia kwa kawaida haipiti upesi, bali hutaka kupe awe ameshika kwa saa nyingi, hata siku moja au mbili. Kwa hiyo kumtoa mapema ni kinga. Vidudu vingine hupita upesi zaidi, ndiyo sababu isipite siku.

Pili, mtoe kupe kwa kibanio, ukimshika karibu kabisa na ngozi, ukavuta moja kwa moja pole pole. Usimchome moto, usimpake mafuta ya taa, wala usimpasue kwa vidole. Mtie katika maji ya sabuni.

Tatu, usitwae dawa ya josho la ng'ombe ukampaka mbwa au paka kwa kukisia. Na neno hili lishikwe sana na wenye paka: dawa za kupe za mbwa zenye permethrini humtetemesha paka na huweza kumwua. Soma maandishi ya chupa, au uliza kwanza.

Nne, fagia mahali anapolala mbwa, choma matandiko machakavu, ziba nyufa kwa chokaa. Hapa twaikumbuka methali ya wazee, kwamba asiyeziba ufa hujenga ukuta.

Tano, mnyama akikataa chakula, akiwa na homa, fizi zikiwa nyeupe au za manjano, mkojo ukibadilika rangi, au akitokwa damu puani, mwite bwana mifugo siku hiyo hiyo. Dawa ziko. Babesia ina sindano yake, na erlikia ina vidonge vyake vya majuma kadhaa. Lakini hakuna dawa inayomfaa mnyama ambaye hakutazamwa.

Mwisho

Baada ya mbwa kufa tulinunua chokaa tukaziba ukuta, upande wetu na upande wa bibi, na mjukuu wake akatushikia ndoo. Kazi ilichukua siku tatu. Kwa muda wa mwaka mzima hatukuleta mbwa mwingine. Wengine wetu walisema hatustahili, wengine walisema wezi watarudi, na kweli walirudi.

Mwishowe tulikubaliana kwamba kabla ya kumleta yeyote tutakwenda kwanza kumwuliza jirani. Tukaenda jioni moja, tukamkuta barazani na paka wake mapajani. Tukamweleza. Alinyamaza kwa muda, akimpapasa paka masikioni kwa vidole, na tukaona kwamba alikuwa akitafuta kupe.

"Mleteni," akasema. "Lakini mara hii mumlee."

Tulimleta. Sasa iko zamu, imeandikwa kwenye karatasi nyuma ya mlango: nani anampa maji, nani anamtazama masikio, siku gani. Iko siku zamu husahauliwa, nasi hatutaki kujisifu. Lakini akilia usiku, mmoja wetu huamka.

Mungu, ambaye hata shomoro mmoja hasahauliwi mbele zake, atufundishe kusikia.